Mtoto aliyeozesha maua ya vanila

 

Mwezi uliopita kikundi chetu cha akina mama wafuga nyuki kilikaa kikao kizito. Tulikuwa tumesharina mizinga yote na kupima asali. Tulipotoa bei ya chupa na nauli ya kwenda mjini, kilichobaki cha kugawana kilikuwa kidogo mno. Mwenzetu mmoja akasema waziwazi: tuuze mizinga, fedha tuitie kwenye ushoni. Wengine wakaitikia. Hapo bibi mmoja jirani, mwenye konde la maboga na matango nyuma ya mizinga yetu, akaomba kusema ingawa si mwanachama. Akauliza, "Wanangu, mkishaiuza mizinga, maboga yangu ataozesha nani?"

Tulicheka, lakini swali lilibaki kichwani. Jibu tumelipata katika historia ya kisiwa kingine cha bahari hii yetu ya Hindi, na leo tunakuleteeni.

Tuanze na boga lenyewe, maana kila aliyelima analijua. Mboga huo mmoja hutoa maua ya kiume na maua ya kike. Ua la kike utalijua kwa kiboga kidogo kilichokaa chini yake. Chavua ya ua la kiume isipofika kwenye ua la kike, kile kiboga hugeuka manjano na kudondoka. Mchukuzi wa chavua hiyo ni mdudu, na mara nyingi ni nyuki. Anatafuta chakula chake, na huku anatutengenezea chetu.

Sasa vanila. Mmea huu wa kutambaa asili yake ni Mexico, na Watotonaki wa huko waliujua kabla Wahispania hawajafika. Ua lake ni gumu: ndani kuna kijiutando kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike. Hufunguka asubuhi moja tu, na siku hiyohiyo hunyauka. Kwao Mexico wapo nyuki wa msituni wanaoifanya kazi ya kulichavusha. Wazungu walipochukua vipando na kuvipeleka mbali, mmea ulisafiri lakini wale nyuki hawakusafiri. Ukapandwa, ukakua, ukatoa maua mazuri, na usizae kitu. Kwa zaidi ya miaka 300 karibu vanila yote iliyouzwa duniani ilitoka Mexico.

Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea Charles Morren, huko Liège, Ubelgiji, alifanikiwa kulichavusha ua la vanila kwa mkono. Lakini njia yake haikuenea mashambani. Njia iliyoenea ilitoka kwa mtoto.

Kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, zamani kikiitwa Bourbon, kilikuwa koloni la Ufaransa lenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka Madagaska na kutoka pwani yetu hii. Kilwa ilikuwa moja ya bandari walikopakiwa; mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Kwa hiyo tukizungumza watu wa Réunion, hatuzungumzi wageni.

Huko, katika sehemu ya Sainte-Suzanne, mwaka 1829 alizaliwa mtumwa aliyepewa jina moja tu, Edmond. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Alilelewa katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont, bwana aliyependa sana mimea, na mtoto akawa anafuatana naye bustanini kila siku. Hakufundishwa kusoma wala kuandika. Alifundishwa majina ya maua, na siku moja Ferréol akamwonyesha namna ya kuchavusha kwa mkono mmea wa jamii ya maboga. Naam, jamii ya hilihili boga la bibi yetu.

Mwaka 1841, Edmond akiwa na miaka 12, walikuwa wakipita bustanini Ferréol akaona jambo la ajabu: mvanila wake, uliokaa miaka mingi bila kuzaa, una matunda. Edmond akamwambia ni yeye aliyefanya. Akaombwa aonyeshe. Akachukua kijiti chembamba, akalifungua ua, akakiinua kile kijiutando, na kwa kidole gumba akaibana sehemu ya kiume juu ya ya kike. Ikawa basi. Alikuwa amechukua somo la boga akalitia kwenye ua ambalo wasomi wa mabara mawili walikuwa wakihangaika nalo.

Edmond alipelekwa shamba kwa shamba kuwafundisha watumwa wenzake. Mwaka 1848 Réunion ilipeleka Ufaransa kilo 50 hivi za vanila. Mwaka 1898 zilifika kiasi cha tani 200, na kisiwa kilikuwa kimeipita Mexico. Ujuzi ukaenda Madagaska, Komoro na Shelisheli. Mpaka leo vanila ya mashambani, hata ile inayoonyeshwa kwenye mashamba ya viungo hapa Unguja, huchavushwa kwa njia ileile. Kule Réunion kazi hii ilishikwa sana na wanawake, wakaitwa "waozeshaji". Tulipolisoma jina hilo tulimkumbuka bibi na swali lake. Mfanyakazi mzoefu huweza kuozesha maua elfu moja na zaidi kwa siku, ua mojamoja, na tunda hukaa kwenye mmea karibu miezi tisa kabla ya kukomaa. Wenye kuzaa mnaielewa hesabu hiyo.

Na Edmond alipata nini? Utumwa ulipofutwa Réunion, tarehe 20 Desemba 1848, alipata uhuru na jina la ukoo, Albius. Hakupata ardhi wala fedha. Alikwenda mjini kutafuta kazi, akaingia katika kesi ya wizi, akafungwa. Ferréol aliandika kwa gavana kumwombea, akaeleza kisiwa kinavyonufaika na mtu huyu, naye akatolewa kabla ya muda kwisha. Mtaalamu wa mimea Jean Michel Claude Richard alipodai kwamba yeye ndiye aliyeonyesha njia hiyo, Ferréol alisimama kumtetea Edmond. Tunamshukuru kwa ushahidi wake, ingawa hatusahau kwamba ushahidi wa bwana ndio uliosikilizwa, na wa Edmond mwenyewe haukutosha. Edmond alifariki Agosti 1880, fukara, katika hospitali ya Sainte-Suzanne, huku matajiri wa vanila wakiendelea kutajirika.

Dini yetu nayo ina kisa cha uchavushaji. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa Madina wakipandikiza chavua kwenye mitende, akadhani huenda ingefaa wasifanye. Wakaacha, mazao yakaharibika, naye akawaambia kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Mtende ni wa kiume na wa kike, na mkulima hupanda juu kuuchavusha kwa mkono. Kila tende tunayofuturia kuna mtu aliyefanya kazi hiyo. Nyuki naye amepewa heshima ya sura nzima, An-Nahl, na humo anasemeshwa kwa lugha ya kike. Nasi tunajua kwamba wanaohangaika mauani wote ni majike.

Basi tukarudi kwenye hesabu zetu. Tulikuwa tumehesabu asali peke yake. Hatukuhesabu maboga ya bibi, matango, matikiti wala mapera ya majirani, kwa sababu kazi ile hakuna aliyewahi kuilipia. Vanila ndiyo inayotuonyesha bei yake: pale nyuki anapokosekana, binadamu huamka alfajiri na kijiti mkononi, ua mojamoja, msimu mzima.

Hatukuuza mizinga. Tumejipa msimu mmoja zaidi, na tumekubaliana haya na wenye makonde. Dawa ya wadudu haitapigwa asubuhi wakati maua yako wazi. Atakayelazimika kupiga, apige jioni nyuki wakiwa wamerudi, na atujulishe siku moja kabla. Tutaweka sahani za maji zenye vijiwe, nyuki wapate pa kutua wakinywa. Hatutafyeka maua yote ya mpakani. Na yule mdudu mweusi mnene anayetoboa boriti zetu, tunayemfukuza kwa ufagio, tutampa gogo kavu lake mwenyewe nyuma ya nyumba, kwani yeye ndiye mchavushaji mkubwa wa mapesheni.

Bibi, kwa upande wake, ameahidi kutupatia sehemu ya maboga yatakayoshika. Mwenzetu aliyetaka tuuze bado anasema anasubiri kuona, na ana haki yake. Msimu ukiisha tutahesabu upya, safari hii asali na maboga pamoja, na inshaallah tutawaletea majibu hapahapa.

Ukitia vanila kwenye keki ya Idi, mtaje Edmond kwa watoto. Wabillahi tawfiq.