Kitanda cha gari la kambi

Kitanda cha gari la kambi ni kiti cha nyuma ndani ya gari la kusafiria na kulala, ambacho usiku hulazwa kwa bawaba kikawa kitanda. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza samani za kambi kwa ajili ya gari dogo la Volkswagen.

Ugumu wake ni kwamba mto uleule hutakiwa kumfaa anayekaa na anayelala. Sponji laini hupendeza dukani, lakini nyonga huzama hadi kugusa ubao. Afadhali tabaka mbili, gumu chini na laini juu, unene wa jumla ukiwa takriban sentimita 10. Pale kiti kinapokutana na egemeo hubaki ufa. Godoro jembamba la kutandika juu huuficha vizuri kuliko blanketi lililokunjwa.

Adui mkubwa zaidi ni unyevu. Mvuke wa jasho na pumzi hupenya godoro, hukuta ubao wa baridi na kugeuka maji. Kuvu huota upande wa chini, mahali ambapo hakuna anayetazama. Kwa hiyo godoro huwekwa juu ya chaga au plaiwudi iliyotobolewa, huinuliwa asubuhi likauke, na dirisha huachwa wazi kidogo hata wakati wa baridi. Jiko la gesi halifai kabisa kupasha joto gari watu wakiwa wamelala, kwa kuwa monoksidi ya kaboni huua na haina harufu.