NYUMBA YA NGUVU: MIZANI YA MWILI NA MIZANI YA TABIA



Jioni moja baada ya sala ya alasiri alinijia barazani kijana niliyemsomesha chuoni tangu alifu mpaka akahitimu. Ilikuwa miezi mingi sijamuona. Alivaa fulana ya kubana, kifua kimemjaa kama tanga lililoshika upepo. Yeye na wenziwe wametia saruji ndani ya makopo mawili, wakayaunga kwa bomba la chuma, na kila siku huyanyanyua uani kwao. Akaniamkia, akakaa, akauliza: "Maalim, hili tufanyalo lina ubaya katika dini?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kabla sijakujibu, niingizie ndani lile gunia la mchele lililoko mlangoni."

Akalikumbatia kwa nguvu zote. Hatua mbili tu, akalitua, akashika kiuno. Chini ya kifua kile mlikuwa na miguu ya korongo, na mgongo usiozoea kubeba kitu. Akacheka kwa haya, nami nikacheka naye. Lakini kicheko kiliniisha aliponieleza kuwa yuko mtu anayewashauri wapigwe sindano za kujaza misuli upesi, nao wamo mbioni kuchanga fedha. Hapo nikaona swali lake lataka jawabu kubwa kuliko gunia.

Jawabu ya uhalali ni nyepesi. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, ametufundisha kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na apendwa zaidi na Mola wake kuliko aliye dhaifu, na wote wawili wana kheri. Ametufundisha pia kuwa mwili una haki yake juu ya mwenyewe. Na Talut alipoteuliwa kuwa mfalme wa Bani Israil, Suratul Baqara yatueleza kuwa alizidishiwa mambo mawili pamoja: elimu na mwili. Zingatia, ndugu yangu, neno hilo "pamoja". Ndilo litakalotuongoza katika habari hii yote.

Jawabu ya mizani ndiyo ndefu, nayo tutaifuata mpaka Uajemi, nchi ambayo vyombo vyake vilikuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi tangu zama za kale, na lugha yake ikatuachia maneno kama bandari na nanga. Huko iko mahali iitwayo zurkhane. Zur ni nguvu na khane ni nyumba, yaani nyumba ya nguvu. Asili ya mazoezi yake ni ya kale sana, na Uislamu ulipoingia yalivaa adabu za dini na za masufi. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliyaandika miongoni mwa turathi za wanadamu.

Mlango wa nyumba hiyo kwa desturi ni mfupi, hata mwenye kuingia huinama apende asipende. Katikati pana shimo la pembe nane, kina chake yapata mita moja, na humo ndimo wafanyamo mazoezi. Juu yao, mahali palipoinuka, hukaa kiongozi wao aitwaye murshid, akipiga ngoma na kengele na kusoma mashairi ya hekima na ya kumsifu Sayyidna Ali, Mwenyezi Mungu amridhie. Mwenye nguvu yuko chini shimoni, na mwenye maneno ya hekima yuko juu. Tajiri na mchukuzi huvaa vazi moja, na hutangulizwa aliyetangulia kujifunza, si aliyetangulia kwa mali.

Sasa tazama vyombo vyao. Kuna marungu ya mbao yaitwayo mil, moja kwa kila mkono, yakizungushwa nyuma ya mabega. Mwanagenzi hupewa mepesi, na mkongwe huzungusha yaliyo mazito mno. Kuna sang, mbao mbili nzito mfano wa ngao: mtu hulala chali akaziinua, akigeukia kulia kisha kushoto, mara kwa mara. Kuna kabbade, upinde wa chuma wenye mnyororo wa pete, hutikiswa juu ya kichwa huku na huku. Kuna kibao cha kushikia anapolala mtu kifudifudi akajiinua kwa mikono. Mwisho hucheza kwa miguu na kuzunguka kama pia, na hapo miguu na pumzi hutahiniwa.

Umeona hekima yake? Hapana kiungo kilichosahauliwa. Kulia kukipata, kushoto kunapata. Kifua kikifanya kazi, mgongo nao unafanya. Hawakuitazama misuli mmoja mmoja kama muuza nyama apangavyo vipande vyake. Waliutazama mwili kama jahazi, ambalo mlingoti mrefu juu ya mkuku dhaifu ni hatari kwa walio ndani.

Wahindi nao walikuwa na marungu ya namna hiyo, na Waingereza walipoitawala India wakayaona kwa askari na wapiga mieleka wa huko, wakayachukua kwao. Mwaka 1834 Mwingereza Donald Walker alitoa kitabu cha mazoezi ya mwili, na marungu hayo yamo. Hata katika michezo ya Olimpiki ya 1904 na ya 1932 watu walishindana kuyazungusha. Basi leo kijana wetu akidhani kuwa kuujenga mwili ni jambo lililozuka Ulaya na Marekani, na ajue kuwa sehemu ya elimu hiyo ilitoka Mashariki.

Na wenye insafu wa Ulaya nao waliijua mizani. Eugen Sandow, aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867, alikuwa mtu mashuhuri kwa umbo lake, akilipima kwa masanamu ya Wayunani wa kale. Tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa mashindano makubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na sharti lake lilikuwa kwamba ushindi hautolewi kwa ukubwa wa misuli peke yake, bali kwa mwili uliolingana sehemu zake zote. Akashinda William Murray wa Nottingham. Kwa hiyo hata kwa wale walioutaka mwili kwa ajili ya kutazamwa, kifua cha tanga juu ya miguu ya korongo hakikupata kitu.

Lakini mizani ya mwili ni nusu ya habari. Nusu ya pili watu wa zurkhane huifundisha kwa kisa cha Pahlavan Mahmud wa Khiva, mji ulioko Uzbekistan ya leo. Alikuwa mpiga mieleka na mshairi, akafariki mwaka 1322, na kaburi lake lazuriwa hata sasa. Yasimuliwa kuwa usiku wa kuamkia mieleka alimsikia kizee msikitini akilia na kumuomba Mungu mwanawe ashinde, na mwana huyo ndiye aliyepangwa kupigana na Mahmud. Kulipokucha, Mahmud akajiacha aangushwe. Watu waliona mgongo wake umegusa ardhi, na wajuao wakaona nafsi yake ndiyo iliyoangushwa.

Katika zama zetu alitokea Gholamreza Takhti, aliyezaliwa mwaka 1930 katika mtaa wa maskini wa Tehran. Alipata medali ya fedha Helsinki mwaka 1952, ya dhahabu Melbourne mwaka 1956, na ya fedha tena Rome mwaka 1960. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1962 alipambana na Alexander Medved, na yasimuliwa kuwa alijua goti moja la mwenzake linauma, naye akajizuia asilishike. Alimaliza wa pili. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo zilzala ikaipiga Buin Zahra, wakafa watu zaidi ya 12,000. Takhti akaingia barabarani kwa miguu yake kuwaombea waathirika, na watu wakampa fedha, nguo na mablanketi, kwa kuwa walimuamini. Alifariki Januari 1968, hajatimiza miaka 40, na hata leo Wairani wakitaja ushujaa humtaja yeye. Medali za dhahabu wengi wanazo. Mtu wa kuaminiwa na mali ya maskini ndiye adimu.

Hapa twakumbuka mafunzo ya Mtume wetu kwamba shujaa si yule aangushaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika.

Nilimwita tena kijana wangu, nikamsimulia haya yote. Nikamwambia: "Vyuma vyako sikukatazi. Lakini wape miguu na mgongo haki yao kama ulivyokipa kifua, na upande wa kushoto kama wa kulia. Anza na uzito mwepesi, kula vizuri, lala mapema, na usivunje kipindi cha sala kwa ajili ya kopo la saruji. Ama sindano, iepuke. Madaktari wamekwisha bainisha kuwa dawa hizo huharibu moyo na ini, na humkosesha mwanamume uzazi. Utanunua umbo la miezi michache kwa thamani ya umri wako. Na nguvu ikikujia, usiitie kwenye kioo tu. Mtaani kwetu wamo wajane wasio na wa kuwachukulia maji, na kila jeneza lataka mabega."

Akanyamaza kidogo, akasema fedha waliyochanga wataigawana tena. Akaondoka. Sikujua kama ameshika au amenistahi tu.

Siku ya tatu yake nilitoka alfajiri kwenda msikitini, nikalikuta gunia langu halipo mlangoni. Lilikuwa ndani, limeegemezwa ukutani. Mke wangu akaniambia kijana alikuja na mwenziwe, wakalishika huku na huku, wakaliinua kwa magoti, si kwa kiuno.

Mola atujaalie nguvu katika taa yake, na atupe vijana walio na miili mizima na nyoyo zilizo nyenyekevu. Amin.