Jinsi ya kutafuta uvujaji wa dizeli kwenye pikapu ya zamani: mwongozo kwa wasafirishaji wa Ziwa Mweru

Biashara ya samaki ya Nchelenge na Kashikishi, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, hutegemea sana pikapu za dizeli zilizokwisha kutumika miaka mingi. Magari hayo hubeba samaki wabichi kwenye barafu, pamoja na dagaa wakavu waitwao chisense, kwenda Mansa, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Kutoka hapo mzigo huendelea hadi Ukanda wa Shaba na mpaka wa Kasumbalesa. Gari likizima njiani, barafu huyeyuka na bei hushuka kabla mzigo haujafika sokoni.

Hasara yenyewe

Tone moja kila sekunde ni takriban mililita 180 kwa saa, yaani zaidi ya lita 4 kwa siku. Aidha, dizeli hulainisha mipira ya rejeta na ya kushikilia injini, na samaki wakavu hushika harufu yake upesi.

Aina ya mafuta nayo inahusika. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, baadaye likasafirisha mafuta ghafi kwa miaka mingi, na mwaka 2023 likaanza kusafirisha dizeli yenye salfa kidogo. Marekani ilipobadili dizeli kwa namna hiyo mwaka 1993, baadhi ya pampu za zamani zilianza kuvuja kwa sababu mipira yake iliyozeeka ilisinyaa.

Hatua za kufuata

1. Hakikisha ni dizeli. Pangusa kwa karatasi nyeupe. Dizeli ni nyepesi, husambaa haraka na harufu yake inajulikana. Oili ya injini huwa nyeusi na nzito.

2. Osha kwanza. Safisha injini, pampu na mabomba kwa sabuni ya unga, acha yakauke, kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio. Tandika boksi chini ya gari usiku kucha. Kumbuka kwamba dizeli hutiririka kufuata bomba au chesisi, hivyo inapodondokea si lazima pawe ndipo inapovujia. Fuata unyevu kwenda juu mpaka mahali penye poda kavu.

3. Injini ikiwa imezimwa, piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Tone likitokea sasa, kagua filta, kizibo cha kutolea maji na mipira inayoelekea kwenye pampu kubwa.

4. Washa injini. Kagua mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozo, kisha kibomba cha kurudisha mafuta kinachounganisha nozo zote. Washa zake huchoka mara kwa mara. Kamwe usipapase mabomba ya chuma kwa mkono. Presha yake huzidi mara 100 ya presha ya hewa, na mafuta yanaweza kupenya ngozi. Mtu aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo. Tumia kipande cha boksi badala ya kidole.

5. Kama hakuna tone lakini gari ni gumu kuwaka asubuhi, shuku hewa. Katika injini kama 2L na 3L za Toyota Hilux, pampu yenyewe huvuta mafuta kutoka tangini, kwa hiyo tundu la upande huo huingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Funga mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu. Mapovu yakionekana wakati injini inafanya kazi, kagua njia yote kurudi hadi tangini.

6. Kama uvujaji hutokea tangi likijaa tu au gari likikata kona, kagua mpira wa kujazia mafuta na ule wa kupumulia.

Matengenezo

Tumia spana mbili ili bomba lisijipinde, na weka washa mpya kila unapofungua. Kukaza kupita kiasi hupasua bomba. Sabuni ya mche iliyosuguliwa kwenye tundu dogo la tangi inaweza kuzuia mafuta kwa muda, lakini ni ya kufikia gereji tu. Tangi lisichomelewe kabla ya kuondolewa na kusafishwa kabisa, kwani mvuke uliobaki unaweza kulipuka.

Ikiwa dizeli inatoka kwenye shafti ya pampu, kazi hiyo ni ya fundi mwenye mashine ya kupimia. Kwa kuwa uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, miezi hiyo ndiyo nafuu kwa matengenezo makubwa: gari likiwa gereji, hakuna mzigo unaooza.