Mvinyo wa Sikonge Usiotoka Mzabibuni

Ukitajwa mvinyo wa Tanzania, mawazo huenda Dodoma, kwenye zabibu nyekundu za Makutupora. Dodoma imestahili sifa hiyo. Lakini mzabibu wa Dodoma ni wa karne ya 20, na magharibi zaidi, katika misitu ya miyombo ya Sikonge mkoani Tabora, kilikuwapo kileo cha asali kinachostahili kuhesabiwa katika historia ya mvinyo wa Tanzania. Nadai kwamba kileo hicho, wanzuki, kilikuwa nusu ya pili ya biashara ya nta ya nyuki, nusu ambayo haikuandikwa kwa kuwa haikupita forodhani.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, mizigo ilikwenda pwani kwa migongo na mabega ya wapagazi. Asali ni nzito na huvuja. Nta ni bonge kavu lisiloharibika. Hata reli ilipofika Tabora mwaka 1912, nta ndiyo iliyokuwa na soko ng'ambo, na sehemu kubwa ya asali iliishia kwenye pombe. Tazama kazi yenyewe. Mlina asali huteremsha masega kutoka mzinga wa gome uliotundikwa mtini. Masega hukamuliwa, kisha machicha huoshwa kwa maji kabla ya kuyeyushwa na kuchujwa. Maji yale ya kuoshea hubaki matamu, wala hayauziki kama asali, maana asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 hivi huchacha yenyewe. Kwa hiyo aliyetaka nta safi aliosha, na aliyeosha alikuwa amekwisha kuanza pombe. Ndiyo maana nasema kila bonge la nta lililopanda behewa liliacha mtungi nyuma yake.

Atakayesema mvinyo ni wa zabibu tu ana sheria za Ulaya upande wake, ila mimi naangalia kazi: sukari ya tunda au ya ua, hamira, na muda. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wanzuki hauwekeki. Baada ya siku chache tu huwa siki. Ni kweli, lakini sababu ni kwamba hutengenezwa mwepesi na kunywewa ungali unafoka. Asali ina sukari nyingi lakini virutubisho vichache vya kulisha hamira, hivyo huchacha polepole. Pumba za nafaka zinazotiwa kwenye kangara, kileo kingine cha asali, huipa hamira virutubisho hivyo. Asali ikizidishwa, chombo kikafungwa hewa isiingie, kileo kile kile huwa kikali na hukaa. Waliokipika walikuwa na ujuzi. Walichokosa ni mnunuzi wa mbali, na nta ilikuwa naye. Hata serikali ya kikoloni ilipoanzisha idara ya nyuki mwaka 1949, jicho lake lilikuwa kwenye nta. Tabora sasa ina chuo cha ufugaji nyuki. Vipimo vya asali, maji na siku za kuchachua, wanavyovijua wazee wa Sikonge, vinastahili kuandikwa pale kwa uzito ule ule wa somo la nta, hasa sasa miyombo inayolisha nyuki inapoendelea kukatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku.