DHIRAA SABA: HISTORIA YA NJIA, KUTOKA KUUFA MPAKA MBAGALA



Niliahidi kwamba leo baada ya Isha tutaendelea na darsa la mirathi. Naomba radhi, mirathi itasubiri. Jumanne tumezika. Marehemu alikuwa mzee wa safu ya kwanza, na nyumba yake iko hatua chache tu nyuma ya kibla cha msikiti wetu. Tulipomaliza kumkafini tukamweka kwenye jeneza, vijana wakalibeba, wakafika kwenye kona ya kichochoro, wakasimama. Halikati kona. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena, halipiti. Mwisho waliliinua juu ya vichwa, wakalilaza ubavu, na vijana wawili wakapanda ukutani kumshikilia maiti asiteleze. Mjane wake alikuwa dirishani anaona yote.

Hapo bado hatujafika barabarani. Tulipofika, gari lililobeba jeneza lilikaa kwenye foleni ya Rangi Tatu mpaka adhana ya Alasiri ikatukuta humo humo.

Basi nimekaa nikajiuliza: hii njia, nani aliifanya iwe hivi? Maana njia haizaliwi nyembamba.

Kichochoro kile kina kuta mbili. Wa kushoto ni wa jirani. Wa kulia nitausema baadaye.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka wa 17 Hijria, sawa na 638 Miladia, majeshi ya Kiislamu yalikuwa yamekaa Madain huko Iraq. Hali ya hewa haikuwafaa, watu wakawa wanadhoofika. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) akamwandikia Saad bin Abi Waqqas (r.a.) awatafutie mahali pengine, na mahali palipochaguliwa ndipo pakawa mji wa Kuufa. Nyumba za mwanzo zilikuwa za matete. Moto ukazuka, ukazila. Watu wakaomba ruhusa ya kujenga kwa matofali, Umar akakubali kwa sharti: mtu asizidishe vyumba vitatu, na wasishindane kurefusha majengo.

Sasa sikiliza mji ulivyopangwa, kama alivyoupokea na kuuandika Imam Tabari katika Tarekh yake. Kitu cha kwanza kuwekewa alama kilikuwa msikiti. Akasimamishwa katikati mtu hodari wa upinde, akarusha mishale kila upande, na watu wakaambiwa: anayetaka kujenga, ajenge nyuma ya pale mshale ulipoanguka. Uwanja ukabaki wazi. Kisha zikaja njia. Aliyepewa kazi ya kuzisimamia aliitwa Abul-Hayyaj, na agizo la Umar lilikuwa na vipimo: njia kuu dhiraa 40, zinazofuata 30, zinazofuata 20, na vichochoro dhiraa 7. Chini ya saba, hakuna.

Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, karibu nusu mita. Kwa hiyo njia kuu ya Kuufa ilikuwa kama mita 20, na kichochoro cha mwisho kabisa kilikuwa zaidi ya mita 3. Watu hawa hawakuwa na magari. Walikuwa na ngamia, punda na miguu yao.

Na hiyo saba Umar hakuiokota njiani. Imepokewa kwa Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliamua kuwa watu wakigombana juu ya upana wa njia, basi iwekwe dhiraa saba. Wanazuoni walipoeleza sababu wakasema: ni kiasi ambacho wenye mizigo wataingia na kutoka bila kusukumana. Angalia fikra hiyo. Kipimo hakikuwekwa kwa ajili ya mtu mmoja anayetembea mikono mitupu. Kimewekwa kwa ajili ya aliyebeba. Anayepeleka mgonjwa amebeba. Mama mjamzito amebeba. Wanaopeleka jeneza wamebeba.

Jambo jingine ambalo sisi masheikh hatulisemi sana: njia za Kuufa zilipimwa kwanza, viwanja vikafuata. Hilo lishike, maana ndilo litakalokueleza Mbagala.

Njoo sasa Dar es Salaam. Mji huu aliuanzisha Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, pembeni ya kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 na ujenzi ukadorora. Wajerumani wakaja, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Kisha Waingereza. Wakoloni walijua kupanga, hilo tusiwanyime, lakini walipanga kwa rangi. Uzunguni kulikuwa na njia pana na miti, Uhindini maduka, na Uswahilini kukawa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata hivyo tazama Kariakoo: mitaa imenyooka, inakatana kama ubao wa bao. Na Waafrika tulipanga humo, tukaishi humo, na mitaa ile ipo mpaka leo. Tatizo lake la leo ni kwamba imejaa bidhaa mpaka katikati ya lami.

Baada ya uhuru mji ukakimbia kuliko waliokuwa wakiupima. Sensa ya 1967 ilihesabu watu kama 356,000 katika mkoa mzima. Ya 1978, kama 843,000. Ya 2022 imepita milioni 5.3. Ramani kuu za mji zilichorwa mwaka 1949, 1968 na 1979, na baada ya hiyo ya 1979 ikapita miaka zaidi ya thelathini bila ramani kuu mpya. Fikiria mtoto umemshonea kanzu akiwa na miaka saba, na sasa ana wajukuu, na bado unamwambia avae ile ile.

Na katikati ya mbio hizo, mwaka 1972 serikali ikaanza mpango wa madaraka mikoani, na halmashauri za miji zikavunjwa. Zikarudishwa mwaka 1978. Kwa miaka kadhaa mji mkubwa kuliko yote nchini ulikuwa hauna baraza lake. Nia ilikuwa kupeleka maendeleo vijijini, na sitaki kumhukumu aliyetaka heri. Ila watu hawakuacha kuja mjini kwa sababu halmashauri haipo. Walikuja, wakajenga. Miaka hiyo hiyo ya 1970 kulikuwa pia na mradi wa viwanja uliotupatia Sinza na Kijitonyama, na ukaingiza barabara na maji Manzese. Kwa hiyo kupima kuliwezekana. Walipimiwa wachache, wengi wakajipimia wenyewe.

Sisi wa Mbagala tulijipimia wenyewe.

Wazee wanaikumbuka Mbagala ya mikorosho, minazi na mihogo. Tazama tulivyokaa: kaskazini tuna Mto Kizinga, kusini Mto Mzinga, na Barabara ya Kilwa ndiyo inayoivuka yote miwili. Karibu kila anayekwenda mjini lazima aiingie. Charambe, Chamazi, Mbande, wote wanamiminika Rangi Tatu kama nafaka kwenye shingo ya chupa. Na barabara kuu za mji huu karibu zote ziko hivyo: Kilwa, Nyerere, Morogoro, Bagamoyo, zinatoka nje kwenda katikati kama vidole vinavyokutana kwenye kiganja. Za kuunganisha kidole na kidole ni chache. Mtu wa Mbagala anayefanya kazi Gongo la Mboto anazunguka nusu ya mji.

Daladala nazo zina historia yake. Usafiri wa mji ulikuwa wa shirika la umma, UDA, na mabasi yake hayakutosha. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, nauli shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Yalitusaidia sana. Lakini hayakuongeza hata hatua moja ya barabara. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, na njia zake zikajengwa kwetu pia, Barabara ya Kilwa. Daraja la juu la TAZARA lilifunguliwa 2018, la Ubungo 2021. Alhamdulillah, tunashukuru. Ila nakuuliza: ukishuka kwenye basi hilo Rangi Tatu, nyumbani kwako unafikaje? Kwa bodaboda, kwa sababu bajaji haipiti.

Hapo ndipo penyewe. Foleni ya barabara kuu inaanzia kwenye kichochoro chako.

Nikuambie kichochoro kinavyozaliwa, maana nimeshuhudia mauziano mengi kuliko ndoa. Mzee ana shamba la ekari mbili. Mtoto anaumwa, au anataka kwenda Hijja, anakata kipande. Wanapima kwa hatua, hatua ishirini kwa ishirini, mjumbe anashuhudia, karatasi inasainiwa. Mnunuzi hana gari, anaomba pa kupita tu, anaachiwa upana wa mtu na baiskeli. Mwaka unaofuata kinakatwa kipande kingine nyuma yake. Muuzaji hawezi kuiuza njia, kwa sababu hakuna anayelipia njia, kwa hiyo kila hatua anayoiacha ni hasara kwake. Kisha mwenye nyumba anajenga uzio, anaongeza futi moja. Wa ng'ambo akiona, naye anaongeza lake. Akaja mwenye genge, akaja mwenye karo la maji machafu. Kuufa walipima njia, kilichobaki kikawa viwanja. Sisi tumeuza viwanja, kilichobaki ndiyo njia.

Mtaniambia: sheikh, hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, na itaulizwa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Ndipo tukaona nyumba zinaandikwa X, nyekundu kwa waliokuwa ndani ya mpaka wa zamani, wasiolipwa, na kijani kwa waliokutwa na mpaka mpya, wanaostahili fidia. Wapo waliojenga kwa nia njema na karatasi wanazo, wakalia. Hili nalo lina mfano kwetu. Umar alipoupanua Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina alizinunua nyumba za jirani. Nyumba ya al-Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani, na al-Abbas akakataa kuuza. Imesimuliwa kwamba Khalifa hakuleta askari. Wakaenda kwa Ubayy bin Kaab awaamue, na Ubayy akampa haki mwenye nyumba. Alipokwisha kushinda, al-Abbas akaitoa bure kwa ajili ya Waislamu. Khalifa alikubali kushindwa, na raia aliposhinda akatoa. Sisi tunataka fidia bila kuuliza kama pale tulipojenga palikuwa petu.

Na serikali ya Kiislamu ilikuwa na mtu wa kazi hiyo, muhtasib. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria, ameeleza katika Muqaddima kwamba muhtasib huzuia watu kubana njia, huwakataza wapagazi na wenye vyombo kupakia kupita kiasi, na huamuru jengo linalotishia kuanguka juu ya wapita njia libomolewe. Yaani konda wa Mbagala alikwisha kuandikiwa miaka mia sita iliyopita.

Sasa ule ukuta wa kulia.

Ni wa msikiti wetu. Mwaka 2011 waumini walizidi, mahali pa kutawadhia hapakutosha, na kamati ikakaa. Nilikuwemo. Mzee mmoja akasema, jamani tutabana njia ya watu. Tukamjibu kwamba ni nyumba ya Allah, nani atalalamika? Kweli hakuna aliyelalamika. Nani angeshindana na msikiti? Tukachukua karibu mita moja na robo. Mzee aliyetuonya ndiye tuliyemlaza ubavu Jumanne.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa kinachowaudhi watu njiani ni sehemu ya imani, na kwamba anayechukua hata shibiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Hadithi hizo nimezisomea mimbarini mara nyingi, mgongo wangu ukiwa kwenye ukuta ule. Na maji ya udhu nimeyachukulia pale pale miaka yote hii.

Jana baada ya Maghrib nimeiambia kamati nataka ukuta uvunjwe. Wawili wamekubali, watatu wanasema gharama, mmoja amesema tusubiri mpaka serikali itulazimishe. Tumeafikiana kupima kwanza. Jumamosi baada ya Alfajiri tutakuwepo na futi kamba, tukianzia kwenye kona ile mpaka barabarani, nyumba kwa nyumba. Tutaanza na ukuta wetu. Jirani wa kushoto amesema naye atatoka, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.