Kutoka Fumbo hadi Runinga: Kusimuliwa kwa Ugoni Hadharani katika Jamii ya Waswahili

Utangulizi

Mara nyingi hudaiwa kwamba televisheni ndiyo iliyoitoa aibu ya ndoa chumbani na kuianika barazani. Anayemtazama mwanamke akieleza mbele ya kamera jinsi alivyomfumania mumewe hudhani kwamba anaona jambo geni, lililoletwa na mitambo ya kigeni. Historia ya sanaa za Waswahili haiungi mkono dai hilo. Habari za usaliti wa ndoa zimesimuliwa hadharani katika mwambao wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu kabla ya runinga. Kilichobadilika ni namna ya kuzisimulia. Mhadhara huu unaonyesha kwamba televisheni haikukuta ukimya. Ilikuta fumbo, ikaliondoa, na pamoja nalo ikaondoa kinga waliyokuwa nayo wote waliohusika.

Ushahidi na Jina

Lugha yenyewe hushuhudia uzito wa jambo hili. Kiswahili hutofautisha zinaa, ambalo ni neno pana la dini, na ugoni, unaomhusu mke au mume wa mtu. Tena kina kitenzi chake mahsusi, kufumania. Kwa Waislamu wa mwambao, tuhuma ya zinaa ilikuwa ya hatari kwa mtoaji wake. Kurani, katika Sura ya An-Nur, inamtaka alete mashahidi wanne, na akishindwa adhabu yake ni mijeledi 80. Mume asiye na shahidi ila nafsi yake huapa mara nne, na mara ya tano hujitakia laana ikiwa amesema uongo. Mke naye hupewa nafasi ya kuapa kinyume chake. Katika Tanzania huru, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu mume au mke kumdai fidia mgoni wa mwenzake mahakamani. Kwa kadhi na kwa hakimu kanuni ilikuwa moja: anayetaja jina hubeba mzigo wa ushahidi, na anayetajwa husikilizwa.

Kazi ya Fumbo

Wasiokuwa na mashahidi, hasa wanawake, walikuwa na njia nyingine. Kanga, ambayo mapema katika karne ya 20 ilianza kuchapwa maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi, iliwawezesha kumsema mke mwenza au hawara bila kufungua kinywa. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilitungiana nyimbo za kusutana. Huko Unguja, Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba na wenzake habari za mitaani na kesi za mahakamani ambazo wasikilizaji wao walizijua fika. Katika miaka ya 1990 sanaa ya kusemana ilipamba moto Dar es Salaam kwa jina la mipasho, pale Khadija Kopa wa Tanzania One Theatre na Nasma Khamis wa Muungano waliposhindana jukwaani.

Katika sanaa hiyo msikilizaji ana kazi kubwa sawa na mwimbaji. Wimbo haumtaji mtu. Mwanamke aliyeudhiwa husubiri ubeti unaomfaa, huinuka akicheza hadi mbele, humtunza mwimbaji fedha huku akimtupia jicho hasimu wake, kisha hurudi kitini. Akiulizwa, atasema ameupenda wimbo tu. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini hata huyo mwerevu hana neno la kwenda nalo kwa kadhi. Mdhulumiwa amesema, mtuhumiwa amesikia, na hakuna aliyetajwa. Mlango wa suluhu ungali wazi, wala watoto wa nyumba hiyo hawajatiwa doa.

Sauti na Uso

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994. Kufikia wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kujenga aina ya kipindi ambamo mtu wa kawaida huketi mbele ya hadhira na kueleza ya nyumbani kwake. Phil Donahue alianza kipindi chake Dayton, Ohio, mwaka 1967. Kile cha Oprah Winfrey kilirushwa nchi nzima kuanzia 1986 hadi 2011. Umbo hilo lilidai uso na jina.

Afrika Mashariki ilikwenda hatua kwa hatua. Magazeti ya udaku yalichapisha picha za fumanizi. Redio ilileta sauti: katika Patanisho, kipindi cha Radio Jambo ya Kenya, mtu huomba mwenzi wake apigiwe simu ili aombwe msamaha, na nchi nzima husikiliza jibu. Hapo suluhu ingali ndiyo shabaha, ingawa anayepigiwa simu hakuomba kusikika. Runinga iliongeza uso, na uso haufumbiki.

Hatari yake ilidhihirika Machi 2017. Kipindi cha udaku cha Shilawadu, cha Clouds TV ya Dar es Salaam, kilikuwa na mkanda wa mwanamke aliyedai kuzaa nje ya ndoa na mhubiri mashuhuri. Mkanda haukurushwa, kwa maelezo kwamba upande wa pili haukuwa umesikilizwa. Usiku wa tarehe 17 mkuu wa mkoa aliingia kituoni akifuatana na askari wenye silaha. Waziri wa habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya uchunguzi. Mara baada ya kupokea ripoti yake aliondolewa uwaziri. Kipindi cha umbea kilikuwa kimeshika kanuni ya kadhi, na kanuni hiyo ikakutana na bunduki. Wimbo wa mafumbo haunyang'anyiki kwa namna hiyo. Mkanda wenye jina ni silaha kwa yeyote mwenye nguvu ya kuushika.

Kikomo cha Fumbo

Hata hivyo, fumbo lisitukuzwe kupita kiasi. Lilimsitiri mdhulumiwa, na lilimsitiri mkosaji vilevile. UKIMWI ulipoingia, mke aliyehitaji kujua hakusaidiwa na maneno ya kanga. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 2013 televisheni za Kenya zilionyesha tangazo ambamo mwanamke aliyeolewa anashauriwa na mwenzake sokoni kutumia kondomu na mpenzi wake wa nje. Viongozi wa makanisa na wa Kiislamu walilipinga, likaondolewa. Tangazo hilo halikumfedhehesha mtu yeyote, kwa kuwa waliomo walikuwa waigizaji. Lilitaja tendo waziwazi na kumwachia kila mtazamaji ajitafute mwenyewe, kama ubeti wa taarabu unavyofanya.

Hitimisho

Fumbo lilificha jina, na mara nyingi likafunika tendo pia. Runinga ya simulizi binafsi huvianika vyote viwili. Kati ya hizo ipo njia ambayo sanaa za Waswahili zimeikaribia zaidi ya mara moja: tendo lisemwe kwa lugha isiyo na giza, na jina listiriwe mpaka mwenye jina apewe nafasi ya kujibu. Anayenufaika kwanza na kanuni hiyo ni mtoto, ambaye hakuwa mshitaki wala mshitakiwa. Wimbo wa taarabu huisha alfajiri watu wakaenda zao. Mkanda hubaki, naye atakuja kuutazama.