Jinsi Watoto Walivyofundishwa Katika Shule za Msingi za Kikatoliki

Katika mkutano wetu mkuu wa mwaka huu palitokea mabishano ambayo Halmashauri imeona si vema yapite bila kuandikwa. Lililetwa ombi la kutoa sehemu ya akiba ya chama ili kununua vitabu vya kusoma kwa ajili ya shule ya msingi ya Kikatoliki wanamosoma watoto wetu wengi. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba fedha hizo zitapotea bure, kwa maana wazee walisoma bila vitabu, na hata hivyo walijua kusoma kuliko watoto wa siku hizi. Mzazi mmoja kijana akamjibu, "Baba, kwa heshima zako, ninyi hamkufundishwa kusoma. Mlifundishwa kukariri." Mzee akaketi, wala hakusema neno tena. Ombi likaahirishwa, nasi makarani tukaagizwa kueleza katika kijitabu hiki jinsi mafundisho yalivyokuwa katika shule hizo tangu mwanzo, ili wanachama waamue wakiwa na habari.

Yatupasa kuanza na misheni zenyewe. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka wa 1863 na Bagamoyo mwaka wa 1868. Kutoka pwani wakapanda bara, wakaanzisha misheni ya Bura katika Taita mwaka wa 1892 na ya Mtakatifu Austin huko Nairobi mwaka wa 1899. Wamisionari wa Consolata, waliotoka Torino katika Italia, walifika Tuthu katika nchi ya Murang'a mwaka wa 1902, wakapokewa na Karuri wa Gakure. Mapadri wa Mill Hill, waliokuwa Uganda tangu mwaka wa 1895, walishuka mpaka Kisumu mwaka wa 1903. Hivyo sehemu kubwa za nchi yetu zilipata shule zao za kwanza za Kikatoliki kwa mikono ya mashirika hayo matatu.

Shule ya kwanza ya kijiji haikuwa jengo. Aghalabu ilikuwa kivuli cha mti, au banda la miti na nyasi ambalo Jumapili lilikuwa kanisa. Mwalimu wake alikuwa katekista, mtu wa kijiji mwenyewe, aliyekaa misheni muda mfupi akajifunza sala, Katekisimu, kusoma kidogo na kuandika kidogo, kisha akatumwa kuwapa wengine alichopewa. Ubao ulikuwa mmoja, na kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa mkononi mwa mwalimu. Watoto waliandika kwa kidole juu ya mchanga, wakafuta kwa kiganja, wakaandika tena. Vibao vya kuandikia vilikuja baadaye, navyo havikuwatosha wote.

Basi mwalimu mwenye kitabu kimoja na watoto hamsini afanye nini? Husema neno, nao hulirudia kwa sauti moja. Ba, be, bi, bo, bu. Mbili mara mbili ni nne. Swali la Katekisimu na jibu lake. Wakubwa waliokwisha kushika huwekwa kuwasimamia wadogo. Njia hii haikuchaguliwa kwa ujinga. Ililingana na umaskini wa vyombo, na ililingana pia na desturi za wazee wetu, ambao walihifadhi nasaba, mashairi na hukumu za mabaraza kichwani bila karatasi. Tena ilikuwa na shabaha yake: mtoto au mtu mzima aliyetaka kubatizwa alipimwa kwanza na padre, naye alitakiwa ajibu bila kusitasita.

Hata hivyo tusifiche upungufu wake. Waprotestanti walitaka kila mwamini ajisomee Biblia, ndiyo sababu mahali pengi wafuasi wao waliitwa wasomaji. Wakatoliki kwa miaka mingi walitia mkazo zaidi katika sala na Katekisimu. Wavulana waliotumika altareni walijibu Kilatini chote cha Misa bila kosa, lakini maana ya maneno yale wengi hawakuijua. Mtoto aliweza kumaliza miaka miwili shuleni akayashika mengi, na bado ukimpa ukurasa asiouzoea akaduwaa.

Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa Serikali. Mwaka wa 1924 ilikuja Afrika ya Mashariki Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dakta Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri kwamba masomo yafuatane na maisha ya kijiji: kilimo, usafi, kazi za mikono. Mwaka wa 1925 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itashirikiana na misheni na kuzipa ruzuku shule zitakazofikia kipimo. Wazee wetu wengi hawakupendezwa na jembe hilo la shuleni. Walisema kwamba jembe liko nyumbani, na kwamba walichowapelekea watoto ni kalamu na Kiingereza.

Njia ya pili ilikuwa Kanisa lenyewe. Mwaka wa 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, alikutana na maaskofu huko Dar es Salaam, akawaagiza washirikiane na Serikali kwa nguvu zote. Aliwaambia ya kwamba pale ambapo hawawezi kufanya kazi zote mbili, za kanisa na za shule, afadhali kanisa lingoje na shule ikamilishwe. Hilo lilikuwa neno zito, nalo lilizaa matunda. Wakaguzi wakaanza kuja, na katekista akaanza kumpisha mwalimu mwenye cheti. Shule iliyoanzishwa Kabaa mwaka wa 1925 chini ya Padre Michael Witte, ambayo baadaye ilihamia Mang'u karibu na Thika, ikawapokea wavulana waliotoka katika shule hizo ndogo. Masista wa Loreto, waliofika Kenya mwaka wa 1921, wakafungua mlango kwa wasichana Waafrika huko Limuru mwaka wa 1936. Tuseme kweli hapa: wasichana walikuja nyuma sana, na kosa halikuwa la misheni peke yake, maana sisi wenyewe tuliwabakiza nyumbani wachunge watoto.

Lakini mlango ulipofunguliwa uliwekewa kufuli. Kwa shauri la Halmashauri ya Beecher ya mwaka wa 1949, masomo ya Waafrika yalipangwa kuwa miaka minne ya shule ya chini, minne ya kati na minne ya sekondari. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani, na mwisho wa darasa la nane palikuwa na mwingine, ulioitwa K.A.P.E. Nafasi zilikuwa chache kuliko watoto, na kwa hiyo wengi walirudishwa nyumbani wakiwa na umri wa miaka kumi au kumi na miwili. Tangu hapo mwalimu alifundisha kwa ajili ya mtihani, na kurudia kwa sauti moja, ambako kwanza kulitokana na ukosefu wa vitabu, kukapata sababu mpya ya kudumu.

Walikuwapo walioona hatari hiyo. Mwaka wa 1957 ilianza Nairobi, kwanza katika shule za Wahindi, njia mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Katika miaka michache iliyofuata ikaenea katika shule za Waafrika. Watoto waligawanywa katika makundi madogo, wakashika vitu, wakahesabu vijiti na mawe, wakazungumza wao kwa wao. Njia yenyewe ilikuwa njema. Lakini ilitaka mwalimu aliyefunzwa vizuri na vyombo vingi, na ilipofika mahali pasipo na hivyo, watoto walirudia maneno ya Kiingereza kama walivyorudia yale ya Kilatini. Ndiyo sababu Halmashauri ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilishauri madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 iliondoa shule mikononi mwa misheni, na Kanisa likabaki kuwa mfadhili, mwenye haki ya kulinda dini na desturi ya shule. Mwaka wa 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, na watoto waliokuwa karibu milioni 5.9 wakafika milioni 7.2 kwa muda mfupi. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia; lakini kitabu kimoja kilishikwa tena na watoto wengi. Mtihani wa K.C.P.E. ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mahali pake pameshikwa na mtaala wa umilisi, unaotaka mtoto aoneshe anachoweza kutenda.

Sisi tunaoandika haya tulisoma katika shule za misheni wakati wa 8-4-4, wala hatuna haki ya kumcheka mzee yeyote. Tuliimba majibu ya sayansi kama vile Katekisimu ilivyoimbwa. Siku moja mgeni aliyetembelea darasa letu alituuliza tueleze kwa maneno yetu wenyewe kwa nini maji huchemka. Tuliokuwa wa kwanza kuinua mkono tukawa wa kwanza kuushusha.

Kabla ya kupeleka kurasa hizi kwa mpiga chapa tulimwendea mzee wetu nyumbani kwake, kwa kuwa hatukupenda anyamazishwe kwa neno moja. Alitueleza kwamba alianza kusoma mchangani, na kwamba alitolewa kwa mtihani wa darasa la nne. Miaka yote minne hakukaa na kitabu usiku hata mmoja. Vilikusanywa saa nane, vikafungiwa kabatini. Alijifunza kusoma hasa, alisema, baada ya kutolewa, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani. Kisha akasema, "Sikukataa vitabu. Nilikataa kabati."

Ndugu wanachama, twaona ya kuwa mzee na kijana wote wawili walisema kweli. Kukariri kuliwapa wazee wetu kumbukumbu na nidhamu, na si jambo la kudharau. Lakini kukariri kulikuwa daraja la kuvukia, nasi tumejenga nyumba juu ya daraja. Shule mpya ikikosa vitabu itarudi kwenye kuimba, hata mtaala wake uitwe jina gani.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba ombi lililoahirishwa likubaliwe, kwa sharti moja: kila kitabu kitakachonunuliwa kiandikwe katika daftari, kipewe mtoto aende nacho nyumbani, na mzazi atie sahihi. Twamwomba pia mzee wetu, akikubali, awe mmoja wa watakaolikagua daftari hilo kila muhula. Kura itapigwa katika mkutano ujao. Wasioweza kuja walete maoni yao kwa maandishi.